Istilahi Masikioni: Uhakiki wa Usomaji wa Vitabu vya Falsafa na Historia ya Vita kwa Sauti

Utangulizi

Kazi ya kuunda na kusanifu istilahi za Kiswahili imefanywa kwa muda mrefu kwa kalamu na karatasi. Orodha huandikwa, hujadiliwa na kamati, hurekebishwa, kisha huchapwa na kusambazwa. Mwenye kuunda istilahi huiona mbele yake imeandikwa, na humtazamia mtumiaji naye aione hivyo hivyo. Desturi hiyo imetuletea faida nyingi, na wala si nia yetu kuibeza. Lakini iko hadhira moja ambayo haikuwamo katika hesabu tangu mwanzo, nayo ni hadhira ya wasikilizaji.

Siku hizi hadhira hiyo imekuwa kubwa. Vitabu husomwa kwa sauti, sauti ikahifadhiwa, watu wakasikiliza redioni na katika simu za mkononi. Miongoni mwa vinavyosikilizwa kwa Kiswahili, aghalabu kwa muhtasari, ni vitabu vya kale vya falsafa na vya vita: mafunzo ya Sun Tzu wa China juu ya mapigano, mausia ya Machiavelli kwa watawala, na tafakuri za Marcus Aurelius, Kaisari wa Rumi aliyefariki mwaka 180. Jambo hili tunalipokea kwa furaha. Hata hivyo, furaha isituzuie kulihakiki. Tunachohakiki hapa ni desturi ya usomaji huo na istilahi zinazotumika ndani yake, wala si msomaji fulani, maana dosari tutakazozitaja ni za wengi, na nyingine asili yake si wasomaji bali ni sisi waundaji wa istilahi.

Hoja yetu ni hii: istilahi isiyoweza kutambuliwa na sikio peke yake bado haijakamilika, hata kama imepita katika kamati zote.

Jina la kitu chenyewe

Yafaa tuanze na jina la kitu chenyewe, kwa kuwa hata hilo halijatulia. Wako wanaosema "kitabu cha sauti", wengine "kitabu cha kusikiliza", wengine "kitabu sikizi", na wengine "kitabu sikivu".

Jina la mwisho halifai. Katika Kiswahili, mtoto msikivu ni yule anayesikia anapoambiwa na kutii. Kitabu sikivu basi kitakuwa ni kitabu kinachotusikiliza sisi, ilhali sisi ndio tunaopaswa kukisikiliza. "Kitabu sikizi" kina afadhali, kwani kimefuata mfano wa "fasihi simulizi", lakini ni neno la darasani ambalo mtu asiyesoma isimu hatalifumbua kwa urahisi. "Kitabu cha kusikiliza" ni Kiswahili safi, ila ni kirefu kidogo kinapoingia katika sentensi yenye viunganishi vingi. Sisi tunaona "kitabu cha sauti" kiachwe kishike nafasi. Kinaeleweka mara moja kwa aliyesoma na kwa asiyesoma, na tayari kimo vinywani mwa watu.

Mgogoro mkubwa zaidi uko katika jina la mtu anayesoma. Tukimwita "msomaji" tutamchanganya na yule aliyeshika kitabu cha karatasi na kukisoma kimyakimya. Tukimwita "msimulizi" tutamchanganya na msimulizi wa ndani ya hadithi, ambaye ameumbwa na mtunzi. "Mghani" ni wa mashairi, kwa kuwa kughani ni kusoma ushairi kwa mahadhi. "Mtambaji" ni wa ngano. "Mkariri" ni mwenye kurudia alichohifadhi moyoni.

Msamiati huu wote unaonyesha kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kazi ya sauti; kinayo tele, na kila moja limekwisha kupata mwenyewe. Katika makala haya tutasema "msomaji wa sauti", na kwa nafasi zilizo wazi tutasema "msomaji" tu. Kusoma ndiko kunakomtenga na wale wengine wote: maneno si yake, na hana ruhusa ya kuyabadili. Sharti hilo la uaminifu ndilo linaloifanya kazi yake iwe ngumu.

Msikilizaji wa Malampaka

Ili tusizungumze hewani, tumweke mbele yetu msikilizaji mmoja. Yuko Malampaka, mji mdogo wa Wilaya ya Maswa katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakawekwa Bariadi. Malampaka ni kituo cha njia ya reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, reli iliyofika ziwani mwaka 1928. Watu wa huko hulima pamba na mahindi, hufuga ng'ombe, na lugha ya nyumbani kwa wengi wao ni Kisukuma. Kiswahili wanakijua vizuri. Ndicho cha shule, cha ofisi, cha mnada na cha redio.

Msikilizaji huyu si mgeni wa utungo mrefu wa sauti. Katika Usukuma, baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana mbele ya makundi makubwa ya watu, na mtunzi asiyesikika vizuri huwaona watazamaji wakihamia upande wa pili. Sikio la mtu huyo basi ni sikio lililozoezwa kuhukumu. Akisikiliza kitabu cha falsafa asielewe, tusiharakishe kusema kuwa falsafa imemzidi kimo. Tutazame kwanza kile tulichompa.

Kisukuma, kama zilivyo lugha nyingi za bara, hakina sauti za "th", "dh" na "gh" ambazo Kiswahili kilizipata kwa njia ya Kiarabu. Wala hakitofautishi "r" na "l" kama Kiswahili Sanifu kifanyavyo. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo huweza kuandika "dhana" bila kosa, kwa sababu alifundishwa shuleni. Lakini neno likimfikia kwa njia ya sikio, tena kupitia kipaza sauti kidogo cha simu, huweza kabisa kumfikia kama "zana".

Maneno jirani

Hapo ndipo taabu inapoanza. "Dhana" ni istilahi ya lazima katika falsafa. "Zana" ni neno la kawaida katika kilimo na katika jeshi. Mtu anaposoma kwa sauti kitabu cha Clausewitz juu ya vita, kilichotolewa mwaka 1832 baada ya mwandishi kufariki, atahitaji kusema "dhana ya vita" karibu katika kila ukurasa, maana kitabu kile kinauliza vita ni nini hasa. Msikilizaji wetu atasikia "zana ya vita", na kwa kuwa kitabu ni cha vita, hatakuwa na sababu ya kushuku. Atasubiri aelezwe habari za mizinga na bunduki. Akiona haziji, atadhani kwamba yeye ndiye asiyefuata.

Watakuwako watakaosema kwamba muktadha humwongoza msikilizaji. Ni kweli, muktadha humwongoza anayeijua habari tangu kabla. Lakini kitabu husomwa ili kumfundisha asiyejua, na huyo hana muktadha mwingine ila ule ule anaopewa na maneno hayo. Wala ngeli hazimsaidii: "dhana" na "zana" zote huchukua "ya" na "za", umoja na wingi, kwa namna moja.

Mfano wa pili ni "thamani" na "samani". Mwanafalsafa anauliza juu ya thamani ya maisha. Sikio linapokea samani ya maisha, yaani meza na viti vyake.

Wa tatu ni "kufasili" na "kufasiri". La kwanza limechukuliwa na wanaisimu kuwa ni kutoa maana bainifu ya dhana, na la pili ni kueleza maana ya maneno au kuyahamisha toka lugha hadi lugha. Katika majadiliano ya Socrates jambo hilo ni kubwa, kwa sababu mzee yule alikuwa akiwataka wenzake wafasili ushujaa au uchaji, naye hakuridhika walipomletea mifano tu. Tofauti ya maneno mawili imening'inia juu ya "l" na "r" tu, na kwa masikio ya mamilioni ya wasema Kiswahili uzi huo hauonekani.

Mfano wa nne hauwahusu watu wa bara peke yao. "Maadili" ni istilahi iliyokubalika kwa taaluma ya mema na mabaya ya mwenendo wa binadamu. Katika mazungumzo ya mitaani limezuka neno "madili", maana yake biashara za ujanja na za mlango wa nyuma. Maneno hayo mawili yametenganishwa na irabu moja tu. Msomaji mwenye haraka akiimeza "a" moja, tafakuri za Marcus Aurelius juu ya maadili zitageuka kuwa habari za madili, na sentensi bado itakuwa na maana. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko lile linaloharibu sentensi, kwa kuwa halijifichui.

Haitoshi kuwaambia watu wajifunze kutamka. Msomaji wa sauti ni wajibu wake kutamka sawasawa, na asiyeweza kutofautisha "dhana" na "zana" asishike kitabu cha falsafa mbele ya kinasa sauti. Lakini msikilizaji hatuwezi kumdai sikio jingine. Tulipoamua kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa zima, tuliamua pia kwamba mtu wa Malampaka ni mwenyewe na wala si mgeni aliyekaribishwa barazani.

Jicho lionayo na sikio lisiyoyaona

Mbali na sauti jirani, yako mambo ambayo ukurasa huyasema kimya, na msomaji asipoyatia sauti hupotea yote.

La kwanza ni alama. Mfasiri wa falsafa huweza kuandika "Haki" kwa herufi kubwa anapokusudia haki yenyewe kama wazo, na "haki" kwa herufi ndogo anapokusudia stahili ya mtu fulani. Sikio halina herufi kubwa. Vivyo hivyo mabano na alama za kunukuu: hoja ya mpinzani ikisomwa bila kubadili sauti na bila kusema "mpinzani adai kwamba", msikilizaji ataichukua kuwa ni rai ya mwandishi.

La pili ni nafsi. Kiambishi "a" hakitofautishi mtenda huyu na yule, na historia ya vita imejaa watenda wawili wanaokabiliana. Tutazame sentensi hii tuliyoitunga kwa mfano: "Hannibal alikutana na Scipio pale Zama mwaka 202 kabla ya Kristo, akamshinda, na vita vikakoma." Ni nani aliyeshinda? Sarufi inamwelekeza msikilizaji kwa Hannibal, aliyetajwa kwanza; historia inasema mshindi ni Scipio. Msomaji wa karatasi hurudi nyuma mistari miwili akahakikisha. Anayesikiliza huku anapalilia pamba hana njia ya kurudi, na mshindi amekwisha kubadilishwa.

La tatu ni saa. Tarehe 6 Juni 1944 wanajeshi wa Marekani walianza kutua pwani ya Normandy, Ufaransa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vitabu vya Kizungu huandika 6:30. Msomaji akizisoma tarakimu hizo kama zilivyo, atasema "saa sita na nusu", na kwa Kiswahili hiyo ni adhuhuri au ni usiku wa manane. Jeshi lililotua alfajiri sasa limetua jua likiwa utosini. Hili si kosa dogo, kwa sababu habari nzima ya siku ile imejengwa juu ya giza, maji kupwa na mapambazuko.

La nne ni majina. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Alipoirekebisha mwaka 1969 aliiita Juliasi Kaizari. Mabadiliko hayo tunayaona kuwa ni somo. Jina limetiwa irabu zinazomwezesha Mswahili yeyote kulitamka bila kuuliza, nao mchezo wa kuigiza ni kazi ya sauti. Hatusemi kila jina la kigeni libadilishwe katika chapa. Tunasema kwamba nakala ya msomaji wa sauti iwe na maandishi ya pembeni yenye kuonyesha matamshi, ili Thucydides asiwe na majina matatu katika saa moja ya kusikiliza.

Funzo la tenzi

Tunapotafuta tiba, hatuna haja ya kwenda mbali. Kiswahili kilikuwa na historia ya vita ya kusikilizwa kabla ya vinasa sauti. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita vya mwaka wa 1307 wa Hijria na uliotangulia. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert alitunga juu ya Vita vya Pili vya Dunia, na Henry Muhanika juu ya Vita vya Kagera, utenzi uliochapwa mwaka 1981. Hata upande wa tafakuri, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni utungo wa kumfikirisha msikilizaji juu ya kupita kwa dunia.

Tenzi hizi zilijengwa kwa ajili ya sikio. Kipande cha mizani nane hakimlemei msikilizaji. Kina cha mwisho, kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, humwambia kwamba ubeti umekamilika, kazi ambayo katika nathari hufanywa na nukta isiyosikika. Mtunzi hutangaza nani anasema kabla hajasema, na jina hurudiwa bila haya. Marudio ambayo mhariri wa leo angeyafuta kwa wino mwekundu ndiyo yaliyomshika mkono msikilizaji.

Thucydides, kwa upande wake, alitahadharisha mwenyewe kwamba historia yake, kwa kukosa ngano, huenda isipendeze masikioni. Aliijua tofauti ya kazi ya jicho na kazi ya sikio. Kitabu cha namna hiyo kikipewa sauti bila matayarisho, tusishangae kikimchosha msikilizaji. Sun Tzu ni mwepesi zaidi kwa kuwa sura zake 13 zimejaa semi fupi.

Mfano bora tulionao wa lugha ya vita iliyoundwa kwa sikio si wa kitabu. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na taifa likasikiliza redioni. Hotuba ile ilisimama juu ya nomino tatu: uwezo, sababu na nia. Tuziangalie kwa jicho la istilahi. Hakuna hata moja inayoweza kugeuka nyingine kwa ulimi wa Kisukuma, wa Kihaya wala wa Kimakonde. Ni maneno ya kila siku, lakini yamebeba mambo matatu ambayo wanafalsafa wa vita wameyaandikia majuzuu: uhalali wa vita, utashi wa wanaopigana, na nguvu walizo nazo. Hii ndiyo sababu watu walioisikia wakiwa watoto wanayataja hata leo.

Istilahi za jeshi

Tukilinganisha falsafa na jeshi, tunakuta kwamba jeshi limefanikiwa zaidi masikioni. "Mkakati" na "mbinu" zimegawana kazi vizuri: la kwanza ni mpango mkubwa wa kushinda vita, la pili ni namna ya kupigana pambano lililo mbele. Maneno hayo hayafanani hata kidogo kwa sauti. "Platuni", "kombania", "batalioni", "brigedi" na "divisheni" ni maneno ya kukopa, lakini kila moja linasikika peke yake na ngazi zake zinajulikana.

Dosari iko katika neno "kikosi". Waandishi na wasomaji wa historia hulitumia kwa watu kumi na kwa watu elfu kumi. Askari hulijua kwa maana yake maalumu, lakini raia wa Malampaka akiambiwa kwamba vikosi viwili vilishambulia kilima, hana habari kama ni familia mbili za askari au ni jeshi la mji mzima. Katika karatasi ramani huweza kumwokoa. Katika kitabu cha sauti hakuna ramani. Palipo na idadi, isemwe. Pasipo na idadi, itumike ngazi.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila istilahi kabla ya kusanifiwa ipitie jaribio la sikio. Isomwe ndani ya sentensi kwa watu wa lugha mbalimbali za nyumbani, nao waandike walichosikia. Wakiandika neno jingine, kamati irudi mezani.

Pili, orodha za istilahi ziwe na safu ya maneno jirani. Mbele ya "dhana" paandikwe "zana". Mbele ya "thamani", "samani". Mbele ya "maadili", "madili". Hatutaki "dhana" itupwe, kwani imeota mizizi. Tunataka anayeitumia kwa sauti ajue hatari yake, naye aisindikize kwa neno la pili mara ya kwanza inapotokea: "dhana au wazo la vita". Kuambatisha maneno mawili ya maana moja ni desturi ya Kiswahili tangu kale, na sikio hulipenda.

Tatu, wachapishaji watayarishe nakala maalumu ya msomaji wa sauti, ambamo saa zimegeuzwa, majina yametiwa matamshi, alama za kunukuu zimetiwa maneno, na kila "a" yenye shaka imerudishiwa jina lake. Nakala hiyo isihesabiwe kuwa ni upotoshaji. Ni tafsiri ya pili, toka jicho hadi sikio, na apewe mfasiri anayestahili.

Nne, wasioona washirikishwe katika jaribio hilo tangu mwanzo. Kwa wengi wao kitabu cha sauti ndicho kitabu, si burudani ya safarini. Dosari ambayo sisi tunaivumilia kwa kuwa tunaweza kufungua ukurasa, wao huibeba yote.

Socrates, aliyehukumiwa kufa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, hakuacha kitabu alichokiandika. Falsafa yake ilikuwa ni mazungumzo ya sokoni na viwanjani, na waliomsikia ndio waliotufikishia. Kwa hiyo falsafa haikuumbwa iwe ngeni masikioni mwa watu. Ikiwa msikilizaji wa Malampaka anaizima simu yake katikati ya sura na kusema kwamba mambo hayo ni ya Kizungu, sehemu kubwa ya sababu inaweza kuwa ni neno moja tulilolisanifu bila kulisikiliza. Tunawaomba wasomaji wa jarida hili, hasa walimu na watangazaji walio mikoani, watuletee maneno jirani mengine wanayoyajua, ili orodha hiyo ianze kuandikwa.